Dole Gumba la Mkono wa Kushoto

Mume wangu alinifundisha kushika fimbo ya gofu wiki ya tatu baada ya harusi yetu, uani kwetu Likoni, baina ya kamba ya nguo na karo la kufulia. Sikuwa nimemwomba. Yeye ndiye aliyekuwa akitafuta mtu wa kumjaribia maneno yake ya kufundishia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niliacha cherehani yangu na sare za skuli nilizokuwa nikizishona, nikatoka na futi yangu ingali shingoni.

Alikuwa ameanza kazi ya gofu akiwa kedi, akiwabebea wachezaji mifuko yao ya fimbo kwenye uwanja wa upande wa kisiwani. Huko ndiko alikojifunza kucheza, kwa fimbo za kuazima, jioni wenyewe wakishaondoka. Baadaye wakamruhusu kuwafundisha wanaoanza. Aliniambia kwamba miaka yote ile ya kubeba mifuko alikuwa akitazama mikono ya watu, si mipira. Mpira, alisema, unakwenda tu pale mikono ilipokwisha kuamua.

Mkono wa kushoto ndio wa kwanza. Mpini haulali ndani ya kiganja, unalala kwenye vidole, kuanzia shina la kidole cha mwisho mpaka kwenye kiungo cha kati cha kidole cha shahada. Nyama ya chini ya kiganja inakaa juu ya mpini. Halafu dole gumba linashuka juu ya mpini, lakini si katikati barabara. Linaegemea kulia kidogo, na halinyooshwi sana. Kisha unakuja mkono wa kulia, na kiganja chake kinalifunika lile dole la kushoto lote, lisionekane. Hapo nilimwuliza mbona tunahangaika na dole ambalo mwishowe linafichwa. Akacheka. Akaniambia nipandishe fimbo mpaka juu ya bega, nisimame hivyo hivyo. Nikapandisha.

"Sasa sikiliza mkono wako," akasema. "Uzito wote wa fimbo umekalia wapi?"

Ulikuwa umekalia dole gumba la kushoto.

Nilipata kushika vizuri kuliko alivyotarajia. Labda ni kwa sababu ya kazi yangu, maana mshonaji naye hushika kitambaa kwa vidole, si kwa kiganja, na hushika kwa kiasi. Lakini mpira sikuwahi kuupiga, wala sikutaka. Ulikuwa ni mchezo wetu wa uani tu. Siku nyingine nikipita na ufagio hunishika mikono kwa nyuma akaurekebisha mshiko wangu, nami humwambia aniache nifagie.

Tuliishi hivyo miaka minne. Wakati huo wote alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kuwa mwalimu wa gofu mwenye cheti, unaofanyiwa Nairobi. Mtihani wenyewe ni kucheza, si kuandika. Mtu anacheza mbele ya wakaguzi, na asipofika kiwango harudi na kitu. Aliniambia kwamba bila cheti kile atabaki kuwa mtu wa kufundisha wanaoanza, na siku akija mwenye cheti yeye ataambiwa apishe. Nilimwelewa. Lakini kumwelewa mtu asubuhi moja moja ni rahisi, na asubuhi zilikuwa nyingi. Alikuwa akitoka baada ya sala ya alfajiri kuwahi feri, akirudi jua limekuchwa, na hata akiwa nyumbani vidole vyake vilikuwa havitulii. Vilikuwa vikishika upawa, mwavuli, chochote chenye mpini.

Mamangu alikuwa akikaa Magogoni, kule tulikozaliwa sisi sote, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alimpangia siku ya kufanyiwa upasuaji. Mume wangu alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo tutakwenda naye sote wawili, kwa sababu mamangu alikuwa akimpenda na kumsikiliza kuliko alivyonisikiliza mimi, na alikuwa akiogopa kisu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani. Asubuhi ya siku yenyewe, nimekwisha kuvaa buibui langu, akaniambia kwamba hataweza kwenda, kwamba uwanja utakuwa mtupu siku ile na hatapata nafasi nyingine kama ile ya kuzunguka mashimo yote kumi na nane bila kusumbuliwa. Angekuja hospitalini alasiri.

Sitayaandika yote niliyomwambia. Nilimwambia kwamba gofu ni mchezo wa watu wasiokuwa na wazee wa kuwauguza. Nilimwambia pia kwamba hata akipata hicho cheti atabaki kuwa mbeba mifuko. Hilo nililisema huku nikimtazama, nikaliona likimfika. Kisha nikachukua mkoba nikatoka.

Geti letu ni la mabati, dogo, linafungukia nje barabarani. Nilipotoka nililisukuma kwa nguvu zangu zote. Halikufunga. Lilibaki wazi kama upana wa kidole, nami nikadhani ni yeye analisukuma kutoka ndani anizuie, kwa hiyo nikaliegemea kwa bega langu.

"Fungua," akasema.

Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nikadhani anataka turudi ndani tuyazungumze, na mimi nilikuwa sitaki kuyazungumza.

"Sifungui," nikasema.

"Mke wangu, fungua. Nakuomba."

Hapo ndipo nilipoliachia. Na ukweli ambao sikumwambia mtu kwa muda mrefu ni kwamba sikuliachia mara moja. Nililisikia lile neno nakuomba, nikafurahi kwamba ameniomba, nikalibana bega langu pale pale kwa kiasi cha kumeza mate, ili alirudie. Hakulirudia. Nilipogeuka nikaona vidole vyake vimeshika mwimo wa geti, na dole gumba la kushoto limo ndani, baina ya bati na chuma.

Tulikwenda hospitali, si ile aliyopangiwa mamangu. Nilikuwa nimeufunga mkono wake kwa mtandio wangu, na yeye alikuwa ameufunika kwa ule wa kulia, amekaa wima kwenye benchi, uso umepauka. Mhudumu alipokuja na karatasi yake akauliza imekuwaje, nami nikafungua kinywa. Mume wangu akanitangulia.

"Upepo," akasema. "Umelisukuma geti."

Mhudumu akaandika.

Madaktari walijaribu kuliokoa. Walilisafisha, wakalishona, wakatuambia turudi kila baada ya siku mbili kubadilisha bandeji. Mara ya kwanza lilikuwa limevimba, mara ya pili limekuwa la buluu, na mara ya nne likawa jeusi na lina harufu. Siku ya tisa walilikata. Walibakisha kipande kifupi kwenye shina lake, kisichofika hata kwenye kiungo cha kwanza.

Watu walikuja kumpa pole, majirani na makedi wenzake wa zamani na hata baadhi ya wanafunzi wake, matajiri waliokuja na magari mpaka kwenye njia yetu ya mchanga. Kila aliyeuliza aliambiwa ni upepo. Kila aliposema hivyo mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai au nimeketi kwenye mkeka, nikanyamaza. Mama yake alikuja kutoka shambani kwake, nyuma ya Likoni, na kikapu cha mihogo, akaketi karibu ya mwanawe akiushika ule mkono uliofungwa. Alimwuliza mara moja tu, akajibiwa, asiulize tena. Mamangu naye, aliyeikosa siku yake kwa ajili yetu, alifanyiwa upasuaji wake wiki iliyofuata, akasindikizwa na binamu yangu. Alipofunguliwa macho na kuanza kuona, jambo la kwanza alilotaka ni kuletewa mkwewe aione mikono yake. Alilia kwa macho yale yale aliyokatazwa kulilia.

Mtihani wa mwaka ule ulipita. Wakaguzi walimwandikia kwamba anaweza kuufanya mwaka unaofuata, na yeye akaamua kwamba ataufanya.

Kidonda kilipopona alianza kwenda Shelly Beach asubuhi, maji yakiwa yametoka na mchanga ni mgumu, kwa sababu hakutaka watu wa uwanjani wamwone. Nilikuwa nikifuatana naye, nikikaa juu ya jiwe na thermosi ya chai, namtazama akijaribu. Kwanza alijaribu kushika kama zamani. Mkono wa kulia ulikuja kufunika dole ambalo halipo, na ndani ya kiganja kukawa na shimo. Akipandisha fimbo ilikuwa inamfika juu ya bega halafu inacheza, inayumba kidogo tu, lakini kule chini kidogo kile kinakuwa kikubwa, na mpira ukaenda kule asikoutuma. Akajaribu kuizungushia bandeji ile nafasi ili ijae. Akajaribu kuvipanga vidole vyote tisa vilivyobaki bila kuvipandanisha. Akabuni namna ya kukibana kile kipande kwa kiganja cha kulia mpaka ngozi ikachubuka na kutoa damu, nami nikamwambia tuondoke.

Kisha aliazima fimbo za mtu wa mkono wa kushoto, akageuka upande wa pili kabisa. Huko dole lililobeba uzito lilikuwa la kulia, zima, na lile lililokatika lilikuwa la chini ambako halihitajiki sana. Kwa akili ilikuwa sawa. Lakini mwili wake ulikuwa umejifunza upande mmoja tangu ujanani. Nilimwona mtu ambaye nilikuwa nimezoea kumwona akipiga mpira kama anavyotembea, sasa anapiga kama mgeni, anakosa, anapiga mchanga, anaokota mpira na kuufuta kwa shati. Hakuwahi kukasirika mbele yangu. Angekasirika ningejua la kufanya.

Alikwenda Nairobi mwaka uliofuata, kwa basi, peke yake. Sikumwuliza kwenye simu. Aliporudi aliuegemeza mfuko wa fimbo nyuma ya mlango, akaoga, akala, halafu akasema kwamba siku ya kwanza hakuwa mbaya sana. Ya pili hakuisema.

Kesho yake mchana nilimwomba radhi. Nilimwambia anisamehe kwa geti na kwa maneno niliyoyasema kabla ya geti. Alikuwa akikata kucha za mkono wake wa kulia, wembe ameubana kwa shida baina ya vidole viwili vya kushoto. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akakataa kwa kichwa.

"N'shakusamehe siku ile ile," akasema. "Usiniombe tena."

"Kwa nini ulisema ni upepo?"

"Ningesema nini mbele ya watu?"

Nilitaka kumwambia na lile jingine, kwamba nililiegemea geti kwa kiasi cha kumeza mate baada ya yeye kuniomba. Lakini alikuwa amesema nisimwombe tena, nami nikajificha nyuma ya neno hilo.

Aliendelea kufundisha wanaoanza. Tatizo lilikuwa kwamba somo la kwanza la mtu anayeanza ni mshiko, na mshiko hauelezeki, unaonyeshwa. Alikuwa na kundi la kina mama wa Jumamosi, wengi wao wake wa mawakala wa forodha na madaktari, na siku moja akaniomba nifuatane naye. Alisema anataka kuniazima mkono.

Nilikwenda na buibui langu, nikasimama kwenye nyasi mbele ya wanawake wanane waliovaa kofia na viatu vyeupe. Mume wangu akanipa fimbo. Akaeleza, nami nikafanya: mpini kwenye vidole, nyama ya kiganja juu, dole gumba chini na kulia kidogo. Akaniambia nisimame hivyo, na wanawake wakaja mmoja mmoja kutazama dole langu kwa karibu, wengine wakiligusa. Alikuwa akizungumza vizuri, kwa utulivu na mzaha kidogo. Nikaona jinsi alivyokuwa mwalimu mzuri, na kwamba sikuwahi kumwona akifundisha katika miaka yote niliyoishi naye. Nilimtukana mbeba mifuko kabla ya kumwona kazini.

Nilikwenda Jumamosi nyingi. Wale kina mama walinizoea, wakawa wananiletea vitambaa niwashonee. Siku moja mmoja wao, mama mtu mzima mwenye heshima zake, aliniuliza kando, mume wangu akiwa mbali anakusanya mipira, mkono wa mwalimu ulipatwa na nini. Nikasema ni geti. Akauliza nani alilifunga. Hakuwa na nia mbaya, ni swali ambalo mtu yeyote angeliuliza, ila hakuna aliyewahi kuliuliza kwa sababu wote walikuwa wamelipata jibu kabla. Nikasema ni upepo. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, na mikono yangu ikiwa bado imeshika fimbo yake.

Wiki ile nilikwenda shambani kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Nilimkuta amekaa juu ya kibao chake anamenya mihogo. Nilimwamkia, akaitika, nikachukua kisu nikamenya naye. Kisha nikamweleza yote, tangu maneno niliyosema ndani mpaka bega langu kwenye geti, na lile la kumeza mate. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Nalijua," akasema nilipomaliza. "Siku ile nalikuwa na mpunga wa kupepeta. Nikakaa na ungo wangu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hapakuwa na upepo."

Nikaanza kulia. Akaniachia nilie. Halafu akaniuliza kama mwanawe ndiye aliyeniomba ninyamaze. Nikasema hakuniomba.

"Basi umenyamaza kwa ajili yako," akasema, akanisogezea beseni la mihogo niliyokuwa nimeacha kuimenya.

Nilirudi nyumbani nikidhani nimetua mzigo. Nilimwambia mume wangu kwamba nimekwenda kwa mamake na nimemweleza. Nikamwambia na ile sehemu ya bega ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuijua, au nilidhani hakuijua. Ndiyo siku pekee niliyomwona amekasirika.

"Nililisikia bega lako," akasema. "Nilikuwa upande wa pili wa bati. Unadhani sikulisikia?"

"Lile neno la upepo lilikuwa langu," akasema tena, taratibu. "Nimelibeba mwaka na nusu ili mamangu akutazame kama alivyokuwa akikutazama. Ulikwenda kulitoa bila kuniuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba mamake alikuwa amejua tangu mwanzo, kwamba alikuwa amelibeba bure. Nikaona kwamba hilo ndilo litakalomuumiza zaidi, nikalimeza. Hadi leo hajui, na mavyaa wangu hakumwambia. Kwa hiyo nimerudi kuwa na jambo ninalomficha, safari hii pamoja na mama yake.

Hakunichukua tena Jumamosi. Hakusema kwamba nisije. Alikuwa akitoka tu mapema zaidi. Miezi michache baadaye uwanja ukaajiri mwalimu mwenye cheti kutoka bara, kijana mpole ambaye alikuja nyumbani kujitambulisha kwa heshima. Mume wangu alimfanyia chai. Alimweleza habari za kila mwanafunzi, huyu ana haraka, yule anabana fimbo kama anaogopa kuibiwa. Mwezi uliofuata fimbo zake alizigawa kwa makedi, moja moja, kila mmoja aliyoihitaji. Mimi nilizifuta vumbi kabla hazijaondoka.

Sasa anafanya kazi ya nyasi kwenye uwanja ule ule. Ana kitalu chake nyuma ya banda la mashine, anaotesha nyasi za kuzibia pale zilipokufa. Kazi hiyo inataka kuchutama kutwa, na vidole tisa vinaitosha. Hatugombani. Mavyaa wangu ananipokea kama kawaida, na nikienda hunipa mihogo ya kurudi nayo. Mara nyingine namtazama mume wangu anapokula, namna anavyozungusha sahani ili mkono wa kulia ufanye kazi ya yote miwili, nami huinuka nikaenda jikoni bila sababu.

Jumapili iliyopita alirudi na kipande cha udongo kilichofungwa kwa gazeti, ndani yake mna nyasi fupi, nene, rangi ya kijani iliyokolea. Alisema ni aina mpya wanayoijaribu, inastahimili maji ya chumvi, hata ikimwagiwa ya bahari haifi. Alizungumza muda mrefu, kuliko alivyozungumza nami kwa miezi, juu ya mizizi yake na jinsi inavyotambaa. Nilimwuliza inaitwaje. Akasema hajui bado, atawauliza kesho. Tukaipanda karibu ya karo, yeye akichimba na mimi nikimwaga maji.